Orkidi mpya bado iko jikoni: shajara ya karantini, Mbeya

Siku ya 1, Jumamosi 7 Juni 2025

Imefika. Ni orkidi ya aina ya falenopsisi, nyeupe yenye koo la zambarau, maua saba yamechanua na vitumba vitatu bado vimefumba, majani matano, chungu cha plastiki kinachoonyesha mizizi. Nimeinunua kwa muuza maua hapa mjini kwa shilingi 70,000. Aliniambia ilitoka Dar es Salaam kwa basi, ikapanda mlima Kitonga usiku ndani ya boksi. Hizo ni zaidi ya kilomita 800, na mmea wenyewe asili yake ni nchi za joto za Asia, Ufilipino na Indonesia huko. Umeshukia Mbeya mwezi wa sita.

Sijaipeleka dirishani. Dirisha la sebuleni lina orkidi nne, na mwaka jana zilikuwa saba. Mwezi wa nane mwaka jana nilinunua nyingine, nikafurahi nayo, jioni hiyohiyo nikaipanga na wenzake kwenye rafu moja. Ilipofika Krismasi nilikuwa nimeshatupa tatu, zikiwemo mbili nilizozilea tangu zikiwa na majani mawili. Ile mpya ilikuja na wadudu nami sikugeuza hata jani moja kuangalia, maana macho yangu yote yalikuwa kwenye ua.

Safari hii mgeni anakaa jikoni, chumba kingine kabisa, siku 40. Ana kikombe chake cha kumwagilia, sahani yake na kitambaa chake. Asubuhi nahudumia kwanza zile za sebuleni, halafu ndiyo nakuja kwake, kisha nanawa mikono. Usiku huu sijagusa kitu. Nimechoka, kuna baridi, na taa ya jikoni haionyeshi vizuri.

Siku ya 2, Jumapili 8 Juni

Nimetoka kanisani, nimeitoa barazani kwenye mwanga wa saa sita, nimekaa nayo saa nzima. Vifaa: tochi ya simu, lenzi ya kukuzia ya mwanangu ya sayansi, karatasi nyeupe, vijiti vya meno, vijiti vya pamba vya masikioni na makapeni nyembamba.

Nimeanzia chini ya majani, si juu. Jani la orkidi upande wa juu limewekwa nta, linang'aa, linadanganya. Nimepiga tochi kwa ubavu ili kila kilichoinuka kitupe kivuli. Nilikuwa natafuta vidugamba kwanza, wale wanaokaa kama vifuniko vidogo vya kahawia kando ya mshipa wa kati. Kipimo chake ni ukucha: kidugamba kinabanduka na chini yake jani liko zima, lakini kovu halibanduki. Nilivyokwangua vyote vilikuwa makovu.

Kisha karatasi nyeupe kwa ajili ya utitiri. Unashika jani juu ya karatasi, unaligonga kidogo kwa kidole, unasubiri nusu dakika. Vumbi linatulia, ila utitiri unatembea, na ukiusugua unaacha mstari mwekundu au wa kahawia. Miezi hii hewa ya Mbeya ni kavu na upepo haupungui, na ukavu ndio utitiri unaoupenda. Karatasi ilibaki na vumbi tu. Maua nayo nimeyapulizia pumzi ya joto mdomoni, maana thiripi, kile kidudu chembamba cha kwenye maua, akisikia pumzi hutoka alikojificha. Hakutoka mtu.

Kwenye bua la maua, chini ya kila kitumba, nimekuta matone safi yanayonata kama asali nyepesi. Hapo moyo uliruka, kwa sababu vidung'ata (wadudu wenye unga mweupe kama pamba) na vidugamba hutoa utomvu mtamu, na mwaka jana dalili ya kwanza ilikuwa kunata kwa rafu. Ila orkidi yenyewe pia hutoa matone hayo, tena ikiwa na afya. Nimeyafuta kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu nikakagua pale yalipotoka. Hapakuwa na mdudu. Nimeandika: *utomvu wa mmea wenyewe.*

Majani sasa. Nimekuta alama za aina tatu, na hapa ndipo nilipotaka makapeni. Alama A ni vibonyeo vya rangi ya majani makavu kwenye majani mawili ya juu, kana kwamba mtu amebonyeza ngozi ikakataa kurudi. Alama B ni mkwaruzo mkavu wa kahawia kwenye ukingo wa jani la tatu. Alama C ni doa la mviringo kwenye jani la nne, ukubwa wa punje ya dengu, kahawia katikati na pembeni kama limelowa maji.

Kila moja nimeizungushia mstari kwa makapeni, palepale ukingo unapoishia, nikaandika 8/6 pembeni. Kovu hukaa ndani ya mstari wake. Ugonjwa hauwezi kukaa. Mwaka jana nilikuwa natazama doa kila siku na kila siku nasema "nadhani limeongezeka" au "nadhani halijaongezeka", na kwa kudhani huko nilimwagia dawa mmea usioumwa nikauacha ulioumwa.

Siku ya 5, Jumatano 11 Juni

A iko ndani ya mstari. B iko ndani ya mstari. C imevuka.

Imevuka upande mmoja tu, kuelekea ncha ya jani, milimita tatu hivi, na ile sehemu iliyovuka ni laini ukiigusa kwa kijiti. Madoa ya namna hii, yenye maji pembeni na yanayokwenda haraka, kwa falenopsisi mara nyingi ni bakteria, na bakteria wakishuka mpaka kwenye moyo wa mmea pale majani yanapozaliwa, hakuna la kufanya tena. Moyo ni mmoja tu. Falenopsisi haina vitunguu vya akiba kama orkidi nyingine.

Sikungoja Jumapili. Wembe mpya, nimeupitisha kwenye moto wa jiko la gesi mpaka ukabadilika rangi, nimeuacha upoe, nimekata jani sentimita mbili ndani ya sehemu nzima. Mkato nimeupaka unga wa mdalasini ili ukauke. Mdalasini ni wa jani tu, kwenye mizizi unakausha kilichokuwa kizima. Kipande kilichokatwa kimeingia kwenye moto na wembe umekwenda kwenye kopo la taka. Wembe mmoja, mmea mmoja: virusi vya orkidi husafiri kwa makali ya kukatia, navyo havina dawa.

Maji ya kumwagilia nayo nimeyabadilisha. Bomba letu asubuhi za mwezi wa sita linatoa maji yanayouma vidole. Sasa ndoo inalala jikoni, na namwagilia saa nne, ili majani yawe yamekauka kabla baridi haijarudi. Hapo ndipo nilipoielewa alama A. Vile vibonyeo ni chembe za ndani ya jani zilizokufa kwa baridi, au kwa maji baridi yaliyomwagiwa jani lenye joto, na havionekani siku ileile. Huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Kwa hiyo baridi hiyo haikuipata kwangu, wala haikuipata ndani ya basi. Ni ya zamani zaidi. Haina dawa na haihitaji dawa.

Siku ya 9, Jumapili 15 Juni

Kuna sisimizi. Tangu Ijumaa nilikuwa nawaona wawili watatu kwenye bua, nikasema wanafuata yale matone matamu, nikawafuta. Leo walikuwa msafara, kutoka ufa wa dirisha la jikoni, wakapanda chungu, wakapanda bua, na hawakusimama kwenye matone. Waliyapita.

Nimewafuata kwa lenzi. Bua la maua kwenye kila fundo lina kiganda kidogo kama karatasi kavu kinacholikumbatia. Kwenye fundo la pili kutoka chini sisimizi walikuwa wanaingia chini ya hicho kiganda na kutoka. Nimekiinua kwa kijiti cha meno.

Pamba. Kitonge kidogo cheupe, si kikubwa kuliko kichwa cha kiberiti, kikionekana kama uzi uliochambuka kwenye nguo. Nilimwita mwanangu, yuko darasa la sita na macho yake ni mazima kuliko yangu. Akashika lenzi, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, zinatembea." Ndani ya ile pamba vilikuwa vitoto vya rangi ya waridi iliyopauka, virefu kidogo, vina miguu, havijavaa unga wao mweupe bado. Mmoja alikuwa ameshafika ukingoni mwa kiganda, akipapasa hewa.

Vidung'ata. Siku ya 2 nilikagua bua lote na sikuinua kiganda hata kimoja. Naandika hapa kwa herufi kubwa ili nisisahau: VIGANDA VIINULIWE VYOTE, SIKU YA KWANZA.

Nimekipaka kile kitonge spiriti kwa kijiti cha pamba, kikageuka kahawia palepale. Nikainua vingine. Kimoja zaidi kilikuwa na kitonge. Nyuma ya ua la tatu, pale petali zinapokutana na kikonyo, alikuwepo mmoja mzima, amejaa unga, mkia mrefu wa nta.

Siku ya 10, Jumatatu 16 Juni

Jirani yetu ni bwana shamba mstaafu, amefanya kazi Mbozi kwenye kahawa miaka mingi. Nimempelekea kitonge kimoja ndani ya kikopo kilichofungwa vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Umeniletea nini leo?"

Akatazama juani, akacheka kwa kuwatambua. "Hawa nawajua. Kwenye kahawa wanakaa hivihivi, na sisimizi wao. Sisimizi ndiye mchungaji, anakamua. Ukiwaondoa wachungaji umepunguza kazi nusu." Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Na chini umeangalia? Kwenye mizizi?"

Nimeangalia kwa nje tu, kupitia plastiki. Mizizi iliyogusa ukuta ilikuwa ya kijivu cha fedha ikikauka na kijani ikilowa, ndivyo inavyotakiwa. Jioni nimeutoa mmea wote chunguni juu ya gazeti.

Katikati ya mizizi, pasipoonekana na mtu, kulikuwa na donge la mosi ya kinamasi (sphagnum) lililobanwa tangu mche ukiwa mdogo. Nje magome yalikuwa makavu, ndani donge lile lilikuwa linachuruzika na kunuka. Mizizi minne iliyolizunguka ilikuwa imeoza: ukiivuta, ganda linatoka kama soksi na kubaki uzi. Nimeikata kwa wembe mwingine. Na kwenye shingo, pale mizizi inapoanza, palikuwa na vitonge viwili vya pamba ambavyo nisingeviona mpaka vijukuu vyao vipande juu.

Donge nimelitoa lote kwa vidole na kijiti, taratibu, kama dakika arobaini. Mizizi nimeiosha kwa maji ya vuguvugu. Vitonge vimepata spiriti. Magome ya zamani nimeyachoma na chungu nimekiosha kwa maji ya moto na sabuni. Magome mapya ni ya mipaina, rafiki yangu wa Mafinga hunitumia gunia kutoka kwenye viwanda vya mbao. Nimeyachemsha dakika ishirini, nimeyaacha yapoe, nimechanganya na vipande vya mkaa.

Halafu bua. Hapa nilikaa muda. Maua saba na vitumba vitatu, na ndiyo niliyoyanunua. Mama, ambaye yuko kwetu tangu mwezi wa tano, alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, ua la kukata ulilinunulia nini?" Nikamweleza kwamba mmea umepoteza mizizi minne na jani nusu, hauwezi kulisha maua kumi, na kila ua lina kona sita za mdudu kujificha. Alinyamaza, akaja kunishikia tochi. Nimekata bua juu kidogo ya shina. Sikuliweka kwenye glasi ya maji, maana glasi ingekaa mezani na vidung'ata wangeshuka mezani. Limeingia motoni na maua yake yote. Iliniuma.

Siku ya 16, Jumapili 22 Juni

Mzunguko wa pili. Spiriti inaua anayeguswa tu, na mayai yaliyofunikwa na nta huponyoka, hivyo kila siku ya saba lazima nirudie. Vitoto vitatu chini ya jani la tano, karibu na shina. Vijiti vya pamba vinne vimetumika.

Kabla ya kutumia spiriti kwa upana nilijaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha jani nikasubiri siku mbili. Jani halikubabuka. Isiachwe tu itiririkie kwenye moyo na kukaa humo. Ikiingia, inyonywe kwa ncha ya karatasi ya chooni. Baada ya hapo nimefuta majani yote, juu na chini, kwa maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Sabuni ya unga ya kufulia isikaribie.

Sisimizi: chungu sasa kimesimama juu ya kikombe kilichopinduliwa ndani ya sahani ya maji. Hakuna aliyevuka.

Siku ya 18, Jumanne 24 Juni

Nimekwenda soko la Mwanjelwa kununua mdalasini na vijiti. Kijana mmoja aliponisikia nikitaja orkidi alinifuata. "Dada, mimi nakuletea za mlimani, bei nafuu, zina viazi vyake." Nilimuuliza za wapi. Akaonyesha kwa kidevu, upande wa Kitulo.

Nimekataa na nikamweleza kwa nini, kwa upole, maana anatafuta riziki. Zile za Kitulo hazikai juu ya miti kama hii yangu. Ni za ardhini, wakati wa kiangazi kama sasa juu hakuna kitu, mmea wote umerudi kwenye kiazi ukisubiri mvua. Na kiazi hicho kinaishi na kuvu wa udongo wa kulekule. Ukikihamishia kwenye kopo la Mwanjelwa umekiua. Viazi hivyo vimechimbwa miaka mingi kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko, na hiyo ni sababu mojawapo ya Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilomita za mraba 413, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Biashara ya orkidi kuvuka mipaka inadhibitiwa kimataifa, za porini na nyingi za bustanini pia. Nikamwambia anayezitaka aende Kitulo wakati wa mvua akazione zikiwa zimesimama. Aliniuliza kama ni kweli watu hulipa kwenda kutazama maua tu. Nikamwambia ni kweli, na wanahitaji wa kuwaongoza.

Siku ya 23, Jumapili 29 Juni

Hakuna mdudu. Sebuleni karibu na kioo alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 11. Jikoni 16. Zile nne za dirishani nimezisogeza ndani hatua mbili.

Siku ya 30, Jumapili 6 Julai

Hakuna mdudu. A na B ziko ndani ya mistari yake ileile, mwezi mzima sasa. Mkato wa C umekauka kama kadibodi. Pembeni mwa shina kuna ncha ya mzizi mpya, ya kijani yenye wekundu, inang'aa kama imepakwa mafuta. Mama ndiye aliyeiona kwanza.

Nilianza kuhesabu siku zilizobaki. Kumi.

Siku ya 37, Jumapili 13 Julai

Nimemkuta mmoja. Chini kabisa, kwenye kikonyo cha jani la tano pale linapokumbatia shina, mdogo, wa waridi, ameanza tu kuota unga.

Nilimpaka spiriti, nikarudi kwa jirani. Tumehesabu pamoja. Ushauri wa karantini ya wiki nne au sita unafaa mahali penye joto, ambako yai linaanguliwa haraka na mdudu hana pa kuchelewa. Jikoni kwangu penye nyuzi 16 alfajiri kila hatua ya maisha yake inasuasua. Yai lililoponyoka mwezi Juni linaweza kuniletea mdudu mwezi Julai. "Baridi haiwaui hawa, binti yangu," alisema, "inawachelewesha." Kwa hiyo siku 40 zisihesabiwe tangu mmea ulipoingia nyumbani. Zihesabiwe tangu mdudu wa mwisho alipoonekana.

Nimefanya na jambo la pili. Nimeihamishia rafu ya juu, upande wa jiko, ambako joto la kupikia hupanda na kukaa, mbali na mvuke wa sufuria. Kama kuna mayai, nataka yaanguliwe sasa, wakati naangalia kila wiki na nina chupa ya spiriti mkononi. Jani la tano, ambalo lilikuwa limeanza kuwa la njano kwa uzee, nimeliondoa ili pasiwe na kona ya kujificha pale chini. Jani la chini kabisa kuwa njano si ugonjwa, lina zamu yake.

Siku ya 44, Jumapili 20 Julai

Hakuna mdudu. Rafu ya juu alfajiri ilisoma 19. Mzizi mpya umefika sentimita moja na umegeukia kwenye magome. Viganda havipo tena, bua halipo, lakini nimepitisha kijiti kila kona ya shina na karatasi nyeupe chini yake.

Mwanangu ameomba awe anakagua yeye Jumapili, mimi nikishika tochi. Nimemkabidhi lenzi. Alipomaliza aliandika mwenyewe kwenye kalenda ya jikoni, kwenye Ijumaa ya tarehe 22 Agosti: *orkidi inaenda dirishani, kama hatujaona kitu.*